Wenzo Mwekundu wa Karugendo

Pale Bakoba, mbele ya duka la Saburi, ubao ulilazwa juu ya madebe mawili, na kikapu cha kahawa ya kutafuna kilipita mkono kwa mkono. Buberwa alikaa mwisho wa ubao, kanuna. Asubuhi ile lori lake lilizama matopeni kwenye kilima cha njia ya Muleba, na Joviana, binti anayemposa, akiwa ndani. Akatokea Karugendo, dereva wa misheni, na Landrova mpya, akampakia Joviana, akavuta wenzo mwekundu, akapanda kilima kama hakuna tope. Buberwa akalitelekeza lori palepale, akarudi mjini. Kwa wivu, Buberwa hakusikia hata ladha ya kahawa.

— Ule wenzo kazi yake nini hasa? aliuliza Yoeli, waliyemwita Breki kwa kuwakatiza watu.

— Giaboksi ya pili, alisema Muhidini Spana, fundi. Injini moja. Nguvu ikitoka giaboksi kubwa inaingia ndogo, nayo inaigawa, mbele na nyuma. Kama tunda la kahawa: ganda moja, punje mbili. Ukivuta mwekundu gari linatambaa, lakini nguvu tele.

— Acha uongo, Spana! Breki akakatiza. Mbele kuna injini nyingine, wameificha chini ya sakafu.

— Hata dereva halimtaki, Buberwa akadakia. Linajiendesha! Karugendo mle ni mzigo tu, kama mkungu wa ndizi.

— Waitu, ndugu yetu Buberwa! akasema Spana.

— Na halivuti matope tu, Buberwa akaendelea. Linavuta na wachumba wa watu.

Wakaangua kicheko. Buberwa hakucheka. Alijua Spana kasema kweli. Kilichomuuma ni kwamba Karugendo alikuwa ndugu yake wa omukago: ujanani walipasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akameza punje yenye damu ya mwenzake, wakaapa kutotupana kwenye shida. Leo ndugu huyo kapata gari, na huenda akapata na mke.

Basi la Muleba likasimama. Akashuka Joviana, gauni limekaukiwa na tope.

— Hamjambo. Buberwa, Karugendo alinifikisha nyumbani, akarudi palepale kilimani. Nimempita sasa hivi, kamba kaifunga kwenye lori lako, anangoja mtu wa kushika usukani. Wewe ulikimbia nini?

Buberwa akatia mkono kikapuni apate punje ya kuzibia mdomo. Akapapasa, akapapasa tena. Kahawa ilikuwa imekwisha.