Kila Neno Lina Kwato

MSETI: Haloo? Nani mwenzangu?

BHOKE: Bhoke. Natumia simu ya shangazi, maana yangu hupokeagi.

MSETI: Aah, dada. Za Butiama?

BHOKE: Salama. Mbona makelele hivyo?

MSETI: Niko mwaloni Mwigobero, tunashusha dagaa.

BHOKE: Mseti, Fredi kanipigia kutoka studio, Bunda. Anasema umemwambia afute vesi yako kwenye ule wimbo wa mahari.

MSETI: Ni kweli, lakini—

BHOKE: Wimbo wa mwisho, Mseti. Albamu yetu wawili, mwaka mzima tunahangaika wenyewe, hatuna meneja, hatuna—

MSETI: Hal... unakatika...

BHOKE: Ngoja nipande huku juu ya jiwe. [anapanda] Unanipata?

MSETI: Sasa nakupata.

BHOKE: Kama vesi yangu ndiyo inakukwaza, sema. Naipunguza.

MSETI: Ukipunguza hata neno moja, hiyo albamu utaitoa peke yako.

BHOKE: Sasa shida iko wapi?

MSETI: Ile mistari yako. "Baba alihesabu pembe, shangazi akahesabu mikia, nilipotaja jina langu hakuna aliyesikia."

BHOKE: Ee.

MSETI: Halafu naingia mimi, nasifia gari ambalo sina. Kwenye wimbo wa mahari. Nilivyosikiliza, nikaona aibu.

BHOKE: [anacheka] Mimi nilikuwaga najiuliza, hilo gari kalipaki wapi?

MSETI: Si ungeniambia.

BHOKE: Ungenuna wewe.

MSETI: [anacheka] Ningenuna. Sasa nimeandika nyingine. Unamkumbuka dada yangu Petronila?

BHOKE: Yule aliyeolewa Mugango?

MSETI: Huyohuyo. Sikiliza.
"Dada alitoka asubuhi, ng'ombe wakaingia jioni,
wakauzwa mnadani, nikapata tai shingoni.
Leo nachana kwa maneno niliyopewa darasani,
kila neno lina kwato, nalisikia kichwani."
Haloo? Umekatika tena?

BHOKE: Nipo.

MSETI: Mbaya?

BHOKE: Petronila ameisikia?

MSETI: Jana nilimpigia, nikamchania vesi yote.

BHOKE: Akasemaje?

MSETI: Alikohoa kidogo, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema tena, rudia, safari hii kaweka spika, shemeji na watoto wasikie.

BHOKE: Shemeji naye?

MSETI: Naye. Ndiyo leo mchana naenda Bunda kuirekodi. Jumamosi tunaachia albamu kama tulivyopanga.

BHOKE: Mwambie Fredi wimbo asiufunge.

MSETI: Kwa nini tena?

BHOKE: Hiyo vesi imeizidi yangu. Naandika yangu upya.

MSETI: Bhoke, hapana. Si nimekwambia hata neno moja—

BHOKE: Ulikataza kupunguza. Kuongeza hukukataza.

MSETI: Dada, Jumamosi ni keshokutwa—

BHOKE: Salio la shangazi linaisha. Napanda gari sasa hivi, tukutane studio. Haya, baadaye, msalimie—

MSETI: Sawa, ila pembe na mikia usiguse. Bhoke? Umesikia? Hapo pa pembe na mikia paache hivyohivyo. Haloo?