Tulinagwe wa Bujonde, Aliyeuliza Kabla ya Kushuku

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Tulinagwe, binti wa Bujonde, aliyetutoka Jumatatu baada ya kuugua figo. Tulinagwe alikuwa mtaalamu wa takwimu. Kazi yake, katika kampuni ya simu jijini Mbeya, ilikuwa kuwakinga wateja na wezi wa mitandaoni.

Mama yake, Bi Veronika, mkulima wa mpunga, aliwahi kumuuliza hiyo ni kazi gani.

"Mama, nimeifundisha kompyuta mazoea ya kila mteja," alijibu. "Yakibadilika ghafla, inapiga kelele. Kama wewe unavyojua kuku mmoja hajarudi bandani."

"Na kama kuku ameatamia tu?"

Tulinagwe alicheka mpaka akakaa chini. Ndivyo alivyokuwa, wasikilizaji. Akicheka, majirani wanatoka nje kuuliza kuna nini.

Mwaka juzi kompyuta ilipiga kelele juu ya mzee Badru, mwenye duka na wakala wa pesa kwa simu hapa Kyela mjini. Namba ya siri ilikosewa kila mara. Miamala ilikwenda polepole, tena saa asizozizoea. Mfumo ukamfungia laini. Godwin, mkuu wa Tulinagwe kazini, akataka jina lipelekwe polisi.

"Mfumo umeshasema," alisema.

"Umesema amebadilika," Tulinagwe akajibu. "Haujasema ameiba."

Mfumo ule aliuunda yeye mwenyewe. Akapanda basi kutoka Mbeya hadi Kyela.

Alifunguliwa mlango na Bi Mwanaisha, mke wa Badru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetumwa kutukamata?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuwajulia hali."

Bi Mwanaisha akaangua kilio. Ndani, mzee Badru alikuwa amelala. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mkono wa kulia. Alikuwa anajifunza kubonyeza simu kwa mkono wa kushoto, na hakutaka mtu ajue. Nje, mtaa mzima ulishaanza kunong'ona kwamba ni tapeli.

Tulinagwe akapiga simu ofisini palepale. Laini ikafunguliwa. Lakini hakuondoka. Alikaa dukani na Bi Mwanaisha hadi jioni, akimwambia kila aliyeingia: "Kosa lilikuwa letu."

Tangu hapo ofisi yao iliweka utaratibu mpya. Kabla mteja hajafungiwa, binadamu ampigie simu kwanza. Narudia, wasikilizaji: binadamu, ampigie kwanza. Huo ulikuwa mkono wa Tulinagwe.

Juzi msibani Bujonde, mzee Badru alifika akitembelea mkongojo. Alisimama kando ya kaburi.

"Alinirudishia jina langu," alisema. "Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana."

Bi Veronika, pole sana, mama yetu. Poleni wadogo zake, poleni wote mliofanya naye kazi. Mungu awatie nguvu.

Nasi wasikilizaji, tujiulize usiku wa leo. Ni nani tumeanza kumsema kwa sababu tu siku hizi haeleweki? Kesho tupite kwake, tubishe hodi. Huenda anaumwa.