Jumba la Kukodi Italia

Nilikaa nyuma ya abiria wawili katika basi la Sondu, mwaka wa sabini na moja. Agneta, mpishi wa daktari Mwitaliano, alikuwa akimsimulia jirani yake kitini, Mzee Yahya muuza nguo, jinsi daktari alivyokodi jumba la kale mashambani kwao Italia kwa likizo, akampeleka akapike.

“Nyumba ya zamani hivyo, na mtu analipa kulala?”

“Analipa, Baba. Dirishani unaona mizabibu mpaka mlimani. Sasa daktari na watu wake wanahamia kule, na wanataka niende nao.”

“Basi nenda, mama.”

“Na bwana yangu? Hata Kisumu halali, anasema ng’ombe watamlilia.”

Walicheka. Nami nikacheka, ingawa sikualikwa.

Basi likasimama Pap Onditi. Bwana yake alikuwa kando ya barabara, amevaa suti ya harusi yao. Agneta akamgeukia Mzee Yahya.

“Nimwambie leo?”

Mzee akamshikia sanduku ateremke.