Fundi Aliyekonda kwa Siri

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, punguzeni kelele. Leo tunamkumbuka fundi cherehani, mama wa makamo, ambaye mtaa mzima ulimwita Tipwatipwa. Na yeye aliitika. Anayetegemea wateja hachagui jina.

Tipwatipwa alishonea kwenye kibaraza cha duka la sabuni. Alikaa tangu duka linafunguliwa mpaka linafungwa. Mchana alikunywa chai ya sukari tele na vitafunwa vya kukaanga vya jirani, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa rahisi. Mwili ukaongezeka. Wateja wakafurahi, wakasema fundi wetu katulia kwake. Mumewe, fundi wa kupaka rangi, alitembea kifua mbele kana kwamba minofu ile kaipaka yeye.

Kisha magoti yakagoma. Kule kliniki, nesi alimpima presha, akampima na sukari. Hakumung'unya maneno.

"Mama, punguza mwili. La sivyo wanao utawaachia shangazi yao."

Na shangazi mwenyewe alimjua. Aliogopa, wasikilizaji wapendwa. Aliogopa kweli.

Binti yake anatuambia: "Mama alianza kutembea alfajiri, kajifunika mtandio asijulikane. Chai alikunywa bila sukari huku anailaani." Basi akapungua. Fundi akapungua, magoti yakanyamaza, akawa anapanda ngazi huku anaimba.

Hapo ndipo mlipoanza. Ndiyo, nyinyi nyinyi mnaonisikiliza. Fundi anaisha. Fundi ana gonjwa, anaficha. Mmoja wenu alikwenda kudai kitambaa ambacho hata mkasi haujakigusa.

"Si kwamba nakuombea mabaya, shoga yangu," alimwambia usoni, "ila ukitutoka na kitambaa changu, nitamfuata nani?"

Wengine wakafuata mkumbo. Cherehani ikakaa kimya, na nyumbani sufuria nazo zikanyamaza.

Fundi hakosi dawa ya kifundi. Alijishonea magauni mapya, na ndani yake akatia sponji: kiunoni, tumboni, mikononi. Joto lilimchemsha kutwa nzima. Wateja wakarudi mbio. "Umerudi, fundi! Ulitutia hofu!" Akawapima huku jasho linamtoka, na chini ya ile sponji mwili wake ulikuwa unapona.

Mpaka siku ya sherehe ya ukoo. Wifi yake, dada wa mumewe, alimkumbatia. Akambonyeza kiuno. Akambonyeza tena, kama anayechagua parachichi. Kisha akapaza sauti mbele ya wageni wote:

"Jamani! Kaka yangu kaoa godoro!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mume naye alicheka. Walipofika nyumbani, kicheko kikamwisha.

"Umenivua nguo hadharani," alimwambia mkewe. "Watasema sikulishi. Kula!"

"Na maneno ya nesi je?"

"Nesi ndiye aliyekuoa?"

Akala. Alikula kwa hasira, alikula kwa utii, mpaka akayajaza magauni ya zamani bila msaada. Ile sponji aliishona ikawa mto wa kiti chake cha kazi. Vitambaa vikarundikana mezani, sifa zikarudi. Kutembea alfajiri kukaisha. Wiki iliyopita moyo wake ulisimama, mguu ukiwa bado kwenye pedali ya cherehani.

Msibani, wifi mtu alijichagulia kiti cha marehemu. "Tumshukuru Mungu," aliwaambia waombolezaji. "Katutoka akiwa amenona. Hakutuaibisha."

Binti akamsogelea. "Shangazi, nyanyuka. Umekalia kiuno cha mama."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Tunampa pole binti. Tunampa pole mume. Tunampa pole hata wifi, maana pole hainyimwi mtu. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mkimwona mama wa makamo anatembea alfajiri, mpisheni njia, mfunge na midomo. Huenda anawakimbilia wanawe.

Kuna tangazo moja kutoka kwa familia. Mlilolihofia limetokea: fundi amekufa na vitambaa vyenu. Binti anaomba mwache kumnong'oneza habari za vitambaa pembeni mwa kaburi. Nendeni mkavichukue. Viko juu ya meza, amevikunja vizuri, na hakuna hata kimoja kilichokatwa.