Gauni Mbele ya Daraja

Ndani ya basi, fundi cherehani alikuwa amepakata gauni la bibi harusi aliyekuwa akilisubiri ng'ambo ya mto uliofurika.

“Meya gani anafunga daraja bila hata kikao?” alifoka.

“Dada yangu,” akacheka seremala aliyeketi kando yake, “mwaka jana si aliitisha kikao? Wajumbe wanamaliza chai, daraja la zamani limeshakwenda na maji. Hukumtukana?”

“Nilimtukana sana.”

“Na leo?”

“Leo namtukana upya. Harusi ni mchana huu!”

Basi likasimama kwenye kizuizi. Meya mwenyewe alikuwa pale, matope hadi magotini. Fundi akashuka, akamkabidhi gauni.

“Mheshimiwa, nishikie hili kwanza. Maneno niliyokuletea yanataka mikono yote miwili.”