Kumuaga Mama Marcelline, Aliyekatalia Kidonge cha Pili

Muheshimiwa daktari mkuu wa kituo chetu, baba padri, wauguzi wenzangu, wagonjwa wetu mlioacha vitanda kuja hapa, na wewe Mama Marcelline unayestaafu leo: jambo!

Mnaikumbuka kambi ya Mugunga ya mwaka 2008? Mahema meupe juu ya mawe ya volkano, uji ukichemka, na watu wa Sake, wakikimbia vita, wakizidi kufika na magodoro kichwani. Siku hizo ndipo tulipompokea Papa Hemedi, dereva wa lori, mguu umevunjwa na risasi. Kidonda kilipona, maumivu hayakupona. Vidonge vya tramadol vilimtuliza, kisha vikaanza kumtawala.

Tulipoona anadai zaidi kila juma, tulimnyima vyote. Akavinunua barabarani bila kipimo, hadi wavuvi wa Kituku wakamwokota ufukweni mwa ziwa akipumua kwa shida. Nani alimfuata? Mama Marcelline. Alituambia, "Maumivu yake ni ya kweli, na ile hamu pia ni ya kweli. Mbona munatunza moja tu?"

Ndipo ukaanza utaratibu wake: dawa zinabaki kwake, daktari anapunguza kipimo polepole, na kila asubuhi Papa Hemedi anakunywa uji, kisha kidonge, mbele ya macho yake.

"Mama, mugulu unawaka. Ongeza kimoja."

"Hapana, papa."

"Weye mama, uko mugumu kuliko barabara ya Walikale!"

"Basi unielezee hiyo barabara."

Huku anamkanda mguu kwa kitambaa cha moto, dereva anasimulia matope na madaraja mabovu, mpaka anacheka mwenyewe. Ninavyovikumbuka vicheko vile!

Leo asubuhi Papa Hemedi, yule pale mbele mwenye shati jeupe, ambaye sasa amebaki na kidonge kimoja kwa siku, aliniuliza, "Kambere, mama akienda, nani atanikatalia?"

Namjibu sasa, mbele ya daktari, na mbele yako, mama, uliyenikabidhi funguo za kabati la dawa. Papa Hemedi, kesho njoo. Uji utakuwa tayari. Nitakupa kimoja. Ukiomba cha pili nitakukatalia, kisha nitavuta kiti, nawe utanianzia Walikale upya.

Asanteni nyote kwa kunitegea sikio. Na wewe, mama, asante kwa kila "hapana", na kwa kubaki baada ya kuisema.