Mbao Nilizozitoa Mchana

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa ushirika wetu wa maseremala hapa Kasulu, Mzee Stanislaus na mama yetu Maximilla, ndugu wageni waalikwa mliotoka Kibondo, na wewe Godson, mume wangu wa wiki tano, ambaye hata kukutaja tu kunanipa raha: nawasalimu.

Nimeombwa nimsifu Mzee Stanislaus anayestaafu. Nani hapa ambaye mtoto wake hajakalia dawati lake? Ndiye aliyetufundisha kuloweka mbao nyembamba kama kadi ya harusi kwenye gundi nyepesi kutwa nzima, ziinywe hadi ndani ya nyuzi, kisha tuzikaushe, tuzipange na kuzibana kwa joto, ili mvua za huku zisizivimbishe. Kila fungu alilipima kwenye mizani kabla na baada, kwani mbao zilizokunywa vizuri huongezeka uzito.

Siku moja ya Februari nilikuwa na haraka ya kwenda kupimwa gauni la sendofu. Nilikuwa nimependwa, ndugu zangu, na aliyependwa huona kila saa ni ndefu. Nikazitoa mbao saa sita mchana badala ya jioni.

"Umepima, Evaline?"

"Nimepima, mzee. Zimekunywa."

"Maana siku hizi ukiulizwa uzito unataja Godson."

Akacheka, akaniamini. Sikuwa nimepima.

Mvua za Machi ziliponyesha, madawati tuliyopeleka shule moja ya Murungu yakavimba, yakaachana tabaka kwa tabaka. Kamati ya ushirika ilipouliza, mzee alisema, "Mizani ni yangu, na sikupima mwenyewe." Akaandika barua ya kustaafu, miaka miwili kabla ya wakati wake. Mimi nilikuwa nachagua rangi ya keki.

Mbona sikusimama siku ile? Niliogopa Godson asije akajua anaoa mwongo. Basi naye analisikia leo, pamoja nanyi.

Mzee, najua barua yako imeshapokelewa na nafasi yako ina mtu. Miaka miwili siwezi kukurudishia. Mwenyekiti, naomba kumbukumbu za kamati ziandikwe upya, kosa hili libebe jina langu. Na Jumatatu nitakwenda Murungu mwenyewe kumweleza mwalimu mkuu.

Mama Maximilla, ulinifunga kitenge siku ya harusi yangu, wiki ileile mumeo alipokabidhi funguo za karakana. Nilikuacha unifunge, nikanyamaza. Naomba unisamehe.

Asanteni kwa kunisikiliza, hata hapa paliponiwia vigumu kusema.